Alipata divisheni ya nne, nikampeleka Mlimani

Matokeo ya Kidato cha Sita yalitoka mchana, nikiwa kazini. Kabla sijafungua ujumbe wa kundi la familia, mama mkubwa alikuwa ameshanipigia mara tatu. Nilipopokea hakusubiri hata shikamoo yangu.

“Mdogo wako amenimaliza,” alisema, akakata simu.

Jioni nilipofika kwao Tabata nilikuta nyumba imepoa kama ya msiba. Majirani wawili wamekaa barazani wamejifunga khanga, televisheni imezimwa, sufuria la wali liko jikoni halijaguswa. Baba mkubwa alikuwa chumbani kwake. Mwenye matokeo alikuwa chumbani kwake pia, amejifungia kwa ndani.

E ya Baiolojia, S ya Kemia, F ya Fizikia. Divisheni ya nne, pointi 18. Kijana aliyekuwa anaitwa “dokta” na ukoo mzima tangu yupo darasa la tatu, aliyesomeshwa miaka miwili shule ya kulipia kwa hela za kikoba na mradi wa kuku wa mama yake.

Ameniruhusu kuandika habari hii kwa sharti moja, nisitaje jina lake. Nitamwita mdogo wangu, maana ndivyo alivyo.

Mimi ndiye niliyepita chuo kikuu katika familia ile, na kazi yangu ni kuandika habari za afya. Kwa hiyo siku ile nilitazamiwa niwe na majibu mawili: huyu mtoto anaendaje chuo, na mbona hali. Nilianza na la pili.

Alinifungulia mlango usiku wa saa tatu. Alikuwa hajala tangu asubuhi, simu ameizima, macho mekundu. Nilikaa chini kwenye zulia, nikamuuliza waziwazi kama amewaza kujidhuru. Najua wazazi wengi wataona nilikosea. Wanaamini ukilitaja jambo hilo umelialika. Shirika la Afya Duniani limekuwa likisema kinyume chake kwa miaka mingi: kumuuliza mtu hakumpandikizii wazo, na wengi hupata nafuu kwa kuulizwa. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema hapana, ila alikuwa amewaza kupanda basi kwenda popote na asirudi. Nikamwambia hilo nalo ni la kuzungumza. Tulizungumza hadi saa sita, na siku tatu zilizofuata mama mkubwa alimhamishia godoro sebuleni asilale peke yake. Mzazi unayesoma ukurasa huu, kama matokeo yametoka nyumbani kwako na mtoto amebadilika, anza hapo. Mambo ya vyuo yanaweza kusubiri wiki.

Mtu mwenye koneksheni

Kwa bahati mbaya mama mkubwa hakusubiri wiki. Siku ya nne alinionyesha, kwa sauti ya kunong’ona, ujumbe wa simu kutoka kwa mtu aliyeunganishwa naye na mwenzake wa sokoni. Mtu huyo alisema ana “koneksheni” na angemwingiza kijana chuo kikuu kwa Sh1.5 milioni. Mama mkubwa alikuwa ameshamtumia laki nne ya kutanguliza, tena ya kikoba.

Nilipompigia mtu yule na kumuuliza ni chuo gani na kozi gani, alisema nisiwe na haraka, “mfumo unafunguka.” Nilipomuuliza mara ya pili alikata simu. Ile laki nne hatukuiona tena hadi leo, na mama mkubwa alilipa rejesho la kikoba kwa miezi mitano kwa pesa ambayo haikununua kitu.

Hasira yangu haikuwa kwa mama mkubwa. Wakati wa CAS, mfumo wa zamani wa pamoja ambao mimi niliutumia mwaka 2015, maombi yote yalipita sehemu moja. Tangu 2017 mwombaji anaomba moja kwa moja kwenye chuo anachokitaka, kwa simu au kompyuta yake, na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inasimamia. Udahili huenda kwa madirisha, la kwanza, la pili, na mara nyingi la tatu. Aliyechaguliwa vyuo zaidi ya kimoja anatakiwa kuthibitisha kimoja. Hakuna mahali katika mlolongo huo ambapo dalali ana kazi ya kufanya. Lakini mzazi aliyeishia darasa la saba, ambaye hajawahi kuona kitabu cha mwongozo cha TCU, atajuaje? Mwongozo huo upo bure mtandaoni, kurasa nyingi za majedwali kwa Kiingereza. Mama mkubwa anasoma Kiswahili na Biblia.

Basi Jumapili ile tuliketi mezani, mimi, yeye na mdogo wangu, tukaufungua kwenye kompyuta yangu. Baba mkubwa alikaa mbali kidogo akijifanya anasikiliza redio.

E ni moja, S ni nusu

Hesabu ya kuingia chuo kikuu moja kwa moja kutoka Kidato cha Sita ni fupi. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, S ni nusu. Unatakiwa uwe na ufaulu wa masomo mawili yanayohusika na kozi yenye jumla ya pointi 4 kwenda juu. Kwa udaktari wa binadamu inakuwa kali zaidi: Fizikia, Kemia na Baiolojia zote tatu, jumla isiyopungua pointi 6. (Sisi tuliomaliza 2014 na 2015 tulipimwa kwa viwango vingine, na hadi leo tukijaza fomu tunaeleza upya cheti chetu kama wageni.)

Mdogo wangu alikuwa na moja na nusu.

Mama mkubwa aliinamisha kichwa. Nikamwambia asubiri, maana moja na nusu hiyo si takataka. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina programu ya mwaka wa maandalizi, ambayo kila mtu anaiita faundesheni. Imewekwa kwa ajili ya watu wa aina yake: mwenye Kidato cha Sita cha angalau pointi 1.5 kutoka masomo mawili, au mwenye stashahada ya GPA isiyopungua 2.0. Anasoma masomo sita ya msingi na matatu ya kundi alilochagua, sanaa, sayansi au biashara. Akipata GPA ya 3.0 katika yale sita na angalau C katika yale matatu, cheti hicho kinatambulika na TCU na anaweza kuomba shahada, Huria au chuo kingine, kikiwemo cha umma kikubwa kama Mlimani.

“Pointi 1.5?” aliuliza mdogo wangu. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kusema kitu. “Ndiyo niliyonayo mimi.”

“Ndiyo uliyonayo wewe.”

Sikumficha upande wa pili. Nilipokwenda kwenye vigezo vya udaktari, nilikuta mwongozo unataja njia mbili, Kidato cha Sita na stashahada ya utabibu. Faundesheni haimo. Ingempeleka chuo kikuu, lakini si wodini.

Njia nyingine nilizipitia haraka. Kurudia mtihani Mei inayofuata kama mtahiniwa wa kujitegemea, akisoma nyumbani; hiyo ndiyo baba mkubwa aliyoitaka, kwa sababu ni rahisi kifedha. Na ile inayoitwa RPL, utambuzi wa maarifa mtu aliyoyapata kazini, yenye kuandaa jalada la ushahidi wa kazi ulizofanya na kufanya mtihani. Hiyo ni ya watu wazima, kuanzia miaka 25, na mdogo wangu alikuwa na 20. Ila niliandika namba ya simu ya jirani mmoja fundi umeme pembeni mwa daftari, nimweleze. Ana miaka 41 na amefunga nyaya nusu ya mtaa.

Kisha stashahada. Hapa ndipo baba mkubwa alipozima redio.

“Mwanangu akasomee utabibu? Wa zahanati?” alisema. “Aliyekuwa aende chuo kikuu?”

Mimi naandika habari za afya, na neno lile lilinichoma. Nimekwenda vituo vya afya vya vijijini ambako mtu pekee anayesimama kati ya mama mjamzito na kaburi ni tabibu wa stashahada. Kwa miaka mingi wanawake wa mikoani wamefanyiwa upasuaji wa kujifungua na madaktari wasaidizi, watu walioanza kama matabibu, wakafanya kazi, wakarudi darasani. Hao hawakupita mlango mkuu na watoto waliowatoa tumboni wanatembea leo. Nilimwambia hivyo, pengine kwa sauti ya juu kuliko mtoto anavyotakiwa kumsemesha mzazi, na mama mkubwa akanikanyaga mguu chini ya meza.

Baba mkubwa hakujibu. Baada ya muda akasema, kama anajisemea, “Kaka yangu naye aliingia Mlimani akitokea ukarani.”

Hilo sikuwa nalijua, na ni jambo ambalo wengi wa rika langu hatulijui. Novemba 1974 TANU ilipitisha Azimio la Musoma, na baada ya hapo vijana wa Kidato cha Sita hawakwenda chuo kikuu moja kwa moja. Walitakiwa kwanza wafanye kazi, na walipoomba walibeba mapendekezo ya mwajiri na ya chama. Kwa miaka kadhaa, Mlimani ilijaa makarani, walimu, wauguzi na maofisa ugani wenye familia zao. Kile tunachokiita leo mlango wa pembeni, baba zetu walikiita mlango.

Vimbweta

Jumamosi iliyofuata nilimchukua mdogo wangu tukapanda daladala hadi Mwenge, na pale tukachukua lingine la Chuo. Sikuwa na mpango mkubwa. Nilitaka aone mahali penyewe, maana kwake chuo kikuu kilikuwa kama mbinguni, mahali unaposikia habari zake kwa waliofuzu.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, na baada ya miaka michache kikahamia kilimani. Ukiingia leo, mti ni mwingi kuliko jengo. Nilimwonyesha Nkrumah Hall, ile iliyokuwa nyuma ya noti ya Sh500. Nilimwonyesha madarasa ya Yombo, na maktaba mpya iliyofunguliwa Novemba 2018, yenye nafasi ya watu 2,100 kukaa kwa wakati mmoja. Sisi tulikuwa tumeshaondoka miezi michache nyuma, na kila nikiipita naona wivu. Tumbili mmoja alimnyang’anya mdogo wangu nusu ya sambusa, akacheka kwa mara ya kwanza tangu matokeo.

Tulikaa kwenye vimbweta. Kama hujapita Mlimani, kimbweta ni meza ya zege yenye mabenchi yake, chini ya mti, na nusu ya elimu ya pale hupatikana hapo. Ndipo watu wanapopiga msuli, wanaponukuu desa la mwenzao, wanapogombania siasa za DARUSO, wanapoachana na wachumba. Nikamweleza maneno: bumu ni fedha ya kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo, sapu ni mtihani wa marudio, kudisko ni kufukuzwa kwa kufeli. Kubebana ni kulala wawili kitanda kimoja hosteli, mwenye nafasi akimstiri asiye nayo. Mwaka wangu wa kwanza mimi nilibebwa. Mwaka wa pili, Aprili 2017, zikafunguliwa hosteli za Magufuli, majengo 20 yenye nafasi 3,840, nikapata kitanda changu na mimi nikambeba mtu.

Ndipo nikampa habari za Mwalimu.

Aliyenibeba mwaka ule wa kwanza alikuwa mwanamke wa miaka 39. Tulikuwa sita chumbani, sote watoto wa miaka 20 na 21, na yeye. Alikuwa ameanza kama mwalimu wa shule ya msingi kwa cheti, akafundisha miaka kumi na mbili mkoa wa kati, akasoma stashahada ya ualimu akiwa kazini, akaipata kwa wastani wa B unaohitajika, akaomba shahada. Watoto wake wawili aliwaacha kwa mama yake mzazi. Mdogo alikuwa na miaka minne.

Siku ya kwanza tulimwamkia shikamoo na kutoka nje tukacheka, tukajiuliza huyu bibi tutaishi naye vipi na sisi tunapiga muziki. Aliutatua mgogoro huo mwenyewe. Alilala saa nne usiku sisi tukianza vurugu, akaamka saa kumi alfajiri sisi tukizima. Hadi tunaamka alikuwa ameshasoma saa tatu, amefua, na uji uko mezani. Sijawahi kumwona akinywa zile kopo za kuongeza nguvu ambazo sisi tulizinywa wiki za mitihani hadi mikono inatetemeka. Baadaye, nikiwa mwandishi na nikisoma tafiti za usingizi na kumbukumbu, nilielewa kwamba yule “bibi” ndiye aliyekuwa anafanya sawa.

Lakini sitaki kumchora kama malaika, maana kwake haikuwa rahisi na wazazi wanaofikiria kurudi shule wanastahili kuelezwa ukweli. Mkopo hakuwa nao. Bodi ya Mikopo humlenga asiye na ajira, na kwa miongozo ya miaka ya karibuni pia asiyezidi miaka 35 na aliyemaliza Kidato cha Sita au stashahada ndani ya miaka mitano. Yeye alikuwa mwajiriwa mwenye ruhusa ya masomo, na mwajiri wake, ambaye sitamtaja, alichelewesha mshahara wake miezi mitatu kwa sababu faili lilikuwa “halionekani.” Miezi ile alikula kwetu. Bumu letu, ambalo wakati huo lilikuwa Sh8,500 kwa siku (Sh10,000 ilikuja 2022), lilimlisha mwalimu aliyekuwa amefundisha watu mamia kusoma na kuandika.

Kiingereza kilimliza. Alikuwa amefundisha kwa Kiswahili maisha yake yote, na somo la DS, ambalo kila mwanafunzi wa Mlimani hulipitia, lilikuwa na makala nene zisizo na huruma. Muhula wa kwanza alipata sapu moja. Nilimkuta usiku amekaa kwenye ngazi za hosteli na simu mkononi. Mtoto wake mdogo alikuwa na homa, mama yake alikuwa amempigia, na yeye yuko kilomita mia kadhaa. Alisema, “Mdogo wangu, ninasoma ili nini?” Sikuwa na jibu. Nilikuwa na miaka 20. Nilikaa naye tu.

Kilichomwokoa muhula wa pili kilikuwa cha kawaida kabisa. Alikuwa akiumwa kichwa kila siku na tukidhani ni mawazo. Tukamlazimisha aende kituo cha afya cha chuo, kwa bima ya wanafunzi ile ya Sh50,400 kwa mwaka ambayo sisi tuliiona kama hela ya bure wanayotukata. Presha ilikuwa juu sana. Akaanzishiwa dawa, akapunguza chumvi, maumivu yakaisha, akaanza kushika anachosoma. Wanafunzi watu wazima wengi huja chuoni na miili ambayo haijapimwa kwa miaka. Ningekuwa na mamlaka, ningeweka kipimo cha presha na sukari kwenye foleni ya usajili ya kila mwenye miaka 35 na kuendelea.

Na sisi tulimhitaji kuliko alivyotuhitaji. Mwenzetu mmoja chumbani alipopata ujauzito mwaka wa kwanza na kutaka kwenda kwa “daktari” mmoja wa mitaani, ni Mwalimu aliyekaa mlangoni akamwambia hatatoka. Asubuhi akampeleka kliniki, kisha wakaenda pamoja kuuliza utaratibu wa kuahirisha mwaka. Binti yule alirudi, akamaliza. Mtoto wake sasa yuko shule ya msingi, na akimwona Mwalimu anamwita bibi. Safari hii hakuna anayecheka.

Alimaliza na GPA ya juu kuliko yangu. Naiandika hapa kwa sababu aliniomba.

F ya zamani

Pale kwenye vimbweta nilimpigia Mwalimu, nikampa mdogo wangu simu. Walizungumza robo saa. Sikusikia upande wa pili, nilisikia tu “ndiyo mwalimu,” “hapana mwalimu,” kisha kimya, kisha, “F.”

Aliponirudishia simu Mwalimu aliniuliza kwa ukali, “Umeangalia cheti chake cha Kidato cha Nne?”

Sikuwa nimeangalia. Mimi na mwongozo wangu, na kompyuta yangu, na maneno yangu makali kwa baba mkubwa.

Ili kusoma stashahada ya utabibu, kijana anatakiwa kuwa na ufaulu wa masomo manne Kidato cha Nne, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Mdogo wangu alikuwa na C zote tatu. Mlango ulikuwa wazi. Hesabu na Kiingereza huhesabiwa kama nyongeza nzuri, si lazima. Anasoma miaka mitatu, anakuwa tabibu, anafanya kazi.

Lakini siku akitaka kutoka utabibu kwenda shahada ya udaktari, ile ya miaka mitano na mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini, mwongozo unamtaka awe na GPA ya 3.0 ya stashahada, katika mizani ambayo mwisho wake ni 5.0, na angalau D ya Kidato cha Nne katika masomo matano: Kemia, Baiolojia, Fizikia, Kiingereza na Hesabu.

Hesabu alikuwa na F.

Hili ndilo ninalotaka mzazi alikate na kulibandika ukutani. Kuna matabibu kazini leo, wazuri, wenye GPA nzuri, waliokuja kugundua wakiwa na miaka 30 kwamba F waliyoipata wakiwa na 17 bado inawasubiri mlangoni. Hakuna aliyewaambia, kwa sababu siku wanajiunga na stashahada hakuna aliyewauliza Hesabu. Na dawa yake ni ndogo: kujisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, kufanya mtihani wa somo hilo, kupata D. Vyeti viwili huwekwa pamoja. Ila usajili hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, na Julai ile ulikuwa umeshafungwa.

Jingine la kukumbuka kwa wanaopita njia hii: siku ya kuomba shahada, mwenye stashahada hutakiwa kuwa na namba ya uhakiki wa cheti, AVN, kutoka Baraza la Elimu ya Ufundi, NACTVET. Aiombe mapema, asingoje wiki ya mwisho ya dirisha. Na kabla ya kulipa senti kwenye chuo chochote cha kati, angalieni kama kimesajiliwa na baraza hilo na kama kozi yenyewe ina ithibati. Mama mkubwa sasa anawafundisha hili wenzake wa kikoba, kwa ukali wa mtu aliyelipia ada ya somo.

Mdogo wangu alijiunga na stashahada mwaka ule ule, katika chuo cha afya nje ya Dar es Salaam. Baba mkubwa alimsindikiza stendi, hakusema mengi. Ada ya mwaka wa kwanza ilitoka mfukoni kwake, na hadi leo hajasema aliitoa wapi.

Januari iliyofuata kijana alijisajili mtihani wa Hesabu. Mchana alikuwa wodini na kitabu cha magonjwa, usiku na kitabu cha Kidato cha Pili, akianza na sehemu. Kwa wiki kadhaa jirani yetu fundi umeme alimfundisha kwa simu ya video. Kumbe mtu anayepiga hesabu za nyaya kila siku anajua aljebra vizuri, hajui tu kwamba inaitwa hivyo. Na yeye mwenyewe anaandaa jalada lake la RPL. Mkewe anamchapia.

Novemba akafanya mtihani. Januari tukiwa tumekaa Tabata matokeo yakatoka, mara hii mchana wa Jumamosi, na mama mkubwa akanikabidhi simu kwa sababu mikono yake ilikuwa na unga. Niliandika namba. Nikasoma.

“D,” nikasema.

“D?” aliuliza baba mkubwa kutoka barazani. “D tu?”

Mama mkubwa hakumjibu. Alikuwa ameshaanza vigelegele.